Kimya cha Mchungaji Stenerud

Duluth, Minnesota
12 Januari 1987

Lenore mwanangu,

Nimepata habari kwamba wamekufanya mwenyekiti wa kamati ya Aprili. Hongera, au pole, chagua mwenyewe. Wanne watakaokaa nawe mezani nawajua wote, na ukiwakamua kwa pamoja hutapata akili ya kujaza kijiko. Thurman Cagle bado anawauliza watahiniwa walinyonyeshwa vipi na mama zao? Nilimkuta Chicago mwaka juzi, amefuga ndevu, na mtu akizungumza yeye anafumba macho ili aonekane anasikiliza. Nikamwambia, "Thurman, ukikoroma nitakuamsha." Hakucheka. Watu wa kamati hawacheki, wanatafakari.

Huku mambo ni yale yale. Ziwa limeganda, theluji imefika dirishani, na hospitali imeniletea wanafunzi sita niwageuze kuwa makasisi wa wodini kabla ya majira ya joto. Mmoja ni Mbaptisti anayemwombea mgonjwa kabla hajamuuliza jina. Mwingine ni mtawa, Sista Marjorie, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na bado anamsahihisha kila anayefungua kinywa. Yupo na Mmethodisti mmoja, Wendell Pruitt, mtu mzima mwenye mvi, anaongea kwa kunong'ona kama aliyechelewa ibada. Wiki iliyopita Mbaptisti alituletea ripoti yake ya neno kwa neno, yaani mazungumzo yake na mgonjwa kama yalivyokuwa, na humo mgonjwa aliyetoka kupasuliwa nyongo anahubiri kama Mtume Paulo. Sikusema kitu. Nilimwangalia tu. Akakiri mwenyewe kwamba nusu aliitunga njiani akipanda ngazi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Msaidizi wangu, Ardith Voss, anakuja kwenu mara ya tatu kuomba kuthibitishwa awe mwalimu msimamizi wa makasisi kama wewe na mimi. Mmemkataa mara mbili, na kanuni unaijua: ya tatu ikikataa, mlango umefungwa na harudi tena. Sitakudanganya, sina matumaini makubwa. Kamati zote mbili zilimwita kasuku na sikuwa na la kumtetea. Mtu akisema kwenye kundi, "Nimechoka," Ardith anasema, "Umechoka." Mtu akisema paka wake anaumwa, Ardith anamtangaza huyo paka kwa chumba kizima. Ni binti wa wakulima wa mahindi kutoka Iowa, mwaminifu, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, ila kazi yetu haifanywi kwa uaminifu peke yake. Kaseti zake mbili za kikao nimezichagua mwenyewe na kuzitia saini, zimo kwenye bahasha pamoja na karatasi zake.

Mkimkataa, msihangaike kumwonea huruma. Nitaendelea naye hapa kama msaidizi, kama siku zote. Hana makuu.

Mwalimu wako wa zamani,
Delbert Stenerud


Cincinnati, Ohio
26 Januari 1987

Delbert,

Acha kuniita mwanangu. Nina nywele nyeupe kukuzidi, na mara ya mwisho uliponiita hivyo ilikuwa siku uliyoniliza mbele ya kundi lote nilipokuwa mwanafunzi wako, kisha ukanipigapiga begani ukisema ni kwa faida yangu. Kuuma na kupuliza, ndiyo theolojia yako yote.

Nimekupigia simu tangu bahasha ifike. Kila nikipiga, Bi. Solveig wa ofisini kwako ananijibu kwa sauti ya askari wa getini kwamba uko kwenye kundi. Jumapili mchana pia uko kwenye kundi? Nilitaka tuongee kidogo tu. Basi nimekaa kuandika barua kama mjane wa zamani.

Nimesoma karatasi za Ardith. Hebu niambie kama mimi na wewe tunamzungumzia mtu mmoja. Mwanamke huyu ameandika namna ya kumsimamia mwanafunzi aliyefiwa ambaye anapelekwa wodini kuwafariji waliofiwa, na nilipofika katikati niliweka kikombe cha kahawa chini. Hakuna yale maneno yetu ya kujifanya tuna kina. Anasema jambo lake, analiacha hapo, anakwenda kwa lingine. Laiti ungeandika hivyo hata ukurasa mmoja katika maisha yako.

Halafu nikaweka kaseti zako, nami nikamsikia huyo kasuku. "Umesema hukulala." "Umesema unamwogopa mume wa mgonjwa." Tena kwa sauti kubwa, kama mwalimu wa chekechea anayewaita watoto ndani. Nilikuwa napiga pasi nikataka kuitupia redio hiyo pasi. Lakini mtu anayeandika vile hazungumzi hivi bila sababu. Umekaa naye miaka minne. Mwanafunzi akiwa na kasoro moja, ileile, inayosikika mpaka jikoni kwangu Ohio, na mwalimu wake ameshindwa kuiondoa miaka yote hiyo, mimi simshangai mwanafunzi. Nakushangaa wewe. Umemfanyia nini?

Na usiniletee habari za ukimya wako. Najua umekuwa maarufu kwa huo ukimya. Nina kijana hapa anawasimamia wanafunzi, mtu analia mbele yake naye amekaa kama gunia la chumvi, nikimuuliza ananiambia ni mbinu ya Stenerud. Mbinu gani? Sisi tulipokuwa kwako ulikuwa unapayuka kuliko kundi zima.

Lenore Habegger


Duluth
9 Februari 1987

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimefurahi cheo kimekuongezea ulimi. Kwanza, simu. Simu ni ya kutangaza misiba na kuagiza mafuta ya kupashia nyumba moto. Sijawahi kuona mtu akifarijiwa kwa waya, na sitaki kuzungumza na mtu nisiyemwona uso. Bi. Solveig anafanya nilivyomwagiza. Muache.

Pili, ukimya. Nilipokuwa napayuka nilikuwa mjinga, na nyinyi mlikuwa wajinga zaidi, kwa hiyo tuliendana. Miaka hii nimejifunza. Novemba, Sista Marjorie alisimulia jambo refu, akalia, akaninyooshea kidole mbele ya wote na kupiga kelele. Nikamwangalia. Akatoka nje akibamiza mlango. Nikaendelea kukaa. Akarudi macho yamevimba, akaketi, akanishukuru! Ardith ndiye aliyenieleza baadaye kwamba Sista alisema hajawahi katika maisha yake kupewa nafasi kubwa namna ile. Sasa niambie, Thurman wako na ndevu zake angeweza hilo? Angemuuliza kuhusu titi la mama.

Tatu, huyo Ardith. Nimemkanya mara mia. Ni woga tu. Alimuuguza mama yake kitandani tangu akiwa msichana, akazoea kurudia kila anachoambiwa ili asikosee dawa. Nimemweleza hivyo, akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akarudi na ukasuku wake. Wengine hawafundishiki, Lenore. Ungekuwa umesimamia watu wengi kama mimi ungeshalijua hilo.

La mwisho, na hili si la mzaha. Umemwandikia msaidizi wangu moja kwa moja kuomba kaseti nyingine, ambamo anamsimamia mwanafunzi peke yake, bila kupitia kwangu. Amenionyesha barua yako. Huo ni utovu wa adabu. Kaseti ya mtahiniwa inatoka na saini ya mwalimu wake au haitoki. Nimemwambia asitume.

Delbert


Cincinnati
2 Machi 1987

Delbert,

Ametuma. Aliifunga kwa gazeti, bila barua, bila hata salamu. Nadhani ni mara ya kwanza kukuvunjia amri, na nilivyomwona kwenye karatasi zake sidhani kama alikosa usingizi.

Nimeisikiliza. Ardith yuko peke yake na yule Mbaptisti wako. Kwa kikao kizima hakurudia neno hata moja. Anamuuliza maswali mafupi. Kijana akianza kuhubiri anamkatiza, "Huyo ni mgonjwa au ni wewe?" Kijana anacheka, kisha anaanza kusema kweli. Ni msimamizi safi, Delbert. Ningemwajiri leo, na yule gunia la chumvi ningempeleka akauze viatu.

Basi nikajiuliza, kasuku alikwenda wapi? Nikarudia kaseti zako mbili ulizozitia saini, zile za kundi ambamo wewe umekaa. Safari hii sikupiga pasi. Nilikaa na kalamu. Nikaona kwamba harudii maneno ya kila mtu. Anayesema kwa sauti kubwa akiwa upande wako, hamrudii. Wanaonong'ona, anawarudia. Waliokaa mbali, anawarudia. Na kila akishamaliza kurudia, ndipo wewe unapozungumza. Kabla ya hapo, huzungumzi kamwe.

Halafu upande wa pili wa kaseti ya pili. Peja, kikengele cha kumwita mtu kazini, inamlilia Ardith kiunoni, anaitwa wodini, mlango unafungwa. Kundi linabaki na wewe. Mtu mmoja ananong'ona. Niliongeza sauti ya redio mpaka mwisho ndipo nikapata. Ni Wendell Pruitt. Anasema binti yake alizama ziwani mwezi Agosti, na kwamba hajamwambia mtu yeyote hospitalini hapo. Kundi linanyamaza. Unanyamaza. Mtu anapenga kamasi. Kisha unasema, kwa ile sauti yako ya mimbarini, "Vizuri sana. Sista Marjorie, tusomee ripoti yako."

Vizuri sana!

Na Marjorie anasoma, maskini, sauti inamtetemeka. Kisha mlango unafunguka, Ardith anaingia, mtu anamnong'oneza. Naye anasema kwa sauti ya kengele: "Wendell amesema binti yake alizama ziwani Agosti." Ndipo wewe unapotoa pumzi ndefu na kusema, "Wendell, baki hapo hapo, usikimbie." Na kuna mjinga mmoja kwenye kundi anaguna kwa kustaajabu, kana kwamba umefanya muujiza.

Delbert, wewe husikii. Sijui ni tangu lini, lakini husikii. Tumewafundisha watoto wa watu kote nchini kuiga uziwi wako wakidhani ni hekima, na mimi nimo. Lakini si hilo lililonikasirisha hata nikashindwa kula. Ni kwamba kaseti zote ulizozileta kwa kamati, mwaka wa kwanza, wa pili na huu, ulizichagua zile ambamo wewe umo. Ulijua wangemwita kasuku. Ulijua kwa nini anarudia. Ukamwacha akataliwe, mara mbili, ili abaki Duluth awe masikio yako. Na kaseti hii yenyewe uliitia saini bila kujua kilichomo, kwa sababu huwezi kuisikia. Mtu mzima hovyo!

Andika mistari michache kwa kamati. Sema, "Ardith Voss anarudia maneno kwa sababu yangu." Nitaisoma mbele ya wote kabla hajaingia, hatutaongeza neno. Usipoandika, nitasema mwenyewe, na mimi sitachagua maneno ya upole.

Lenore


Duluth
11 Machi 1987

Lenore,

Kwa hiyo umekuwa daktari wa masikio kwa kutumia redio ya jikoni. Naona Ohio mna vipaji.

Ni sikio la kushoto. La kulia linafanya kazi yake chumba kikiwa kimetulia. Nilipata homa, sikio likafunga, likafunguka nusu, hiyo ndiyo habari yote. Nimewasimamia makasisi tangu wewe unasuka nywele mikia miwili. Ninamsoma mtu kwa mabega yake, kwa vidole vyake, kwa anavyokalia kiti. Sihitaji kila neno. Maneno yenyewe nusu ni uongo, muulize Mbaptisti.

Unataka nivae kile kidude cha rangi ya nyama nyuma ya sikio? Fikiria. Mtu amekaa mbele yako, anataka kukuambia jambo ambalo hajamwambia mkewe, halafu kidude kinaanza kupiga mluzi. Au nimwambie, "Samahani, rudia, umesema mwanao amefanya nini?" Utamfanya mtu aseme hilo mara mbili? Wewe ungeweza? Nilikaa kimya kwa sababu kimya hakimwumizi mtu. Na wao wakakiita kipawa. Sikuwaomba wakiite hivyo. Sikuwakataza pia, nakubali. Ungewakataza wewe?

Kuhusu kumzuia Ardith, umekosea na umenitukana. Sikumlazimisha kitu. Sikumwomba hata siku moja. Alianza mwenyewe, kwenye msimu wake wa kwanza hapa, aliketi kiti cha kulia kwangu akaanza kurudia, na mimi nikaelewa, naye akaelewa kwamba nimeelewa, na hatujalizungumza hadi leo. Hicho ni kitu ambacho wewe na kamati yako hamtakiona hata mkiletewa kwenye sinia. Anafanya kwa mapenzi. Alimuuguza mama, sasa ananiuguza mimi. Mkimthibitisha atakwenda kuongoza mafunzo katika hospitali fulani huko Nebraska, atakula chakula cha mchana peke yake, na atanikumbuka.

Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Niache niumalize. Sitaandika mistari yoyote. Ukisema wewe, utamvunjia heshima yeye kabla yangu, maana itabidi aseme ni kweli au aseme ni uongo, na ninamjua, atanyamaza. Kwangu atanyamaza. Mnaweza kumpasua kama nyongo, hamtalipata.

Delbert


Cincinnati
27 Aprili 1987

Delbert,

Nimerudi jana kutoka St. Louis. Nitakueleza yote kwa mpangilio kwa sababu najua hakuna mwingine atakayekueleza kwa sauti ya kutosha.

Tulikaa watano katika chumba cha hoteli chenye zulia la rangi ya bilinganya na jagi moja la maji. Mistari yako haikufika. Nilikuwa nimejiandaa kusema mwenyewe kabla Ardith hajaingia, lakini Thurman Cagle alinitangulia, akamwita mlangoni kama anayemwita mhudumu wa mezani. Ardith akaingia na koti lake la kijivu, akakaa, akaweka mikono mapajani. Thurman akafumba macho.

"Ardith," akasema, "ninamsikia kasuku katika kaseti hizi. Nimemsikia mara ya tatu sasa. Huyo kasuku anamlinda nani?"

Nikafungua kinywa. Ardith akanitazama kidogo tu, kisha akamgeukia Thurman.

"Anawalinda wanafunzi," akasema. "Mchungaji Stenerud hasikii. Sikio moja limekufa na la pili liko njiani. Kundi linapozungumza ananijibu mimi, hawajibu wao. Nikinyamaza, wanazungumza na ukuta."

Thurman akafumbua macho. Nilidhani mtu amemmwagia maji. Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia hata nyumba ikiungua, akamuuliza, "Na unajisikiaje kutuambia hili?"

"Nimechoka," Ardith akasema. "Na wewe huulizi ili ujue. Unauliza kwa sababu ndiyo zamu ya swali hilo."

Nilicheka, Delbert. Mwenyekiti mzima. Thurman akawa mwekundu hadi ndani ya ndevu, halafu, na hili limenishangaza hadi leo, akasema, "Ni kweli. Samahani." Tukaanza upya. Nikawasikilizisha ile kaseti ya Mbaptisti. Walimuuliza kuhusu karatasi zake kwa saa nzima, na aliwajibu kama mtu anayefyeka njia porini.

Kura ilikuwa wanne kwa mmoja. Amethibitishwa. Aliyemkataa si Thurman. Ni Gaylord Finch wa Denver, yule kijana aliyeandika makala juu ya ukimya wako. Alisema Ardith "amesaliti uhusiano mtakatifu". Nikamwambia aandike makala nyingine.

Gaylord huyo huyo ndiye aliyemuuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati mbili za mwanzo, na kama alinyamaza kwa upendo. Ardith akasema jibu la hilo ni lako, na kwamba atakuandikia mwenyewe. Sikumuuliza tena.

Kamati imeamua kwamba usipewe kundi jipya la wanafunzi hadi utakapopimwa masikio, na mkurugenzi wako ataarifiwa. Hawa sita ulionao utamaliza nao mwezi Mei. Nilipiga kura hiyo kwa mikono miwili. Nilikupenda, mzee wewe, ndiyo maana nina hasira hivi. Ungesema tu. Kila siku tunawaambia vijana hao kwamba kasisi asiyeweza kusema udhaifu wake asiingie wodini. Wewe ndiye uliyetufundisha.

Lenore


Duluth
1 Mei 1987

Mchungaji Stenerud,

Nakuandikia ingawa ofisi zetu zinatazamana, kwa sababu nikisema kwa mdomo utaangalia mabega yangu na kuamua nimesema nini.

Mchungaji Habegger aliniambia ulivyoandika kwamba nilifanya kwa mapenzi, kama kwa mama yangu. Nataka ujue haikuwa hivyo. Mama yangu aliniambia anachotaka. Kama hakusikia alisema, "Rudia, Ardith." Hakunifanya nibahatishe.

Msimu wangu wa kwanza hapa alikuwepo kijana wa seminari, Mlutheri mwenzako. Utamkumbuka kwa namna yako. Alisema kwenye kundi kwamba ameanza kukusanya vidonge kutoka kwenye kabati la wodi na anaviweka kwenye soksi chumbani kwake. Alisema taratibu, akitazama sakafu. Uliitikia kwa kichwa kwa upole, ukatazama saa, ukampa nafasi anayefuata. Yule kijana aliinua uso akakutazama, na mimi nikaona usoni kwake kwamba amepata jibu. Aliamini umesikia na kwamba umeona ni sawa. Ndipo nikayasema maneno yake kwa sauti, yote, hata soksi. Ukashtuka. Ukamshika mkono. Jioni ile nilikwenda naye chumbani kwake tukavichukua vile vidonge. Leo ana parokia huko Wisconsin na kadi zako za Krismasi anazitunza, anaamini ulimwokoa.

Tangu siku ile nilikaa kwenye kiti kile. Si kwa ajili yako. Nilikaa ili mtu mwingine asiangaliwe vile. Wewe nilikudharau siku ile na sijaacha. Nilingoja useme mwenyewe. Kamati ya kwanza nilidhani utasema. Ya pili niliona aibu kwa niaba yako, nikanyamaza kama mtu anavyomfunikia mlevi wa familia. Ulirudi nami kwenye gari toka Chicago ukinieleza namna ya kupunguza woga wangu. Njia nzima. Wewe ulikuwa unaendesha, nami nilikaa upande wa sikio lako zuri, na sikusema kitu, nawe ukadhani nimefarijika.

Miaka minne hukuniuliza kwa nini ninarudia. Kazi yako ni kuuliza.

Naondoka Jumamosi. Nebraska wananingoja. Funguo nimemwachia Bi. Solveig, ambaye naye alijua, na ambaye amelia kuliko nilivyotarajia. Jana niliwakusanya wanafunzi nikawaeleza. Sikuwaomba wakuhurumie. Niliwaambia wasogeze viti karibu, wakutazame, waseme kwa sauti, na wasichukue ukimya wako kuwa jibu. Mbaptisti alikasirika, Sista Marjorie alitaka kujua ni mwezi gani hasa ulianza kutosikia. Hatimaye walikubali kuja Jumatatu, wote isipokuwa Wendell. Amesema alishakuambia jambo lake mara moja, na hawezi kulisema tena kwa sauti kubwa.

Ardith Voss